Nilivyoisomea Simu Kisa cha Fundi

Kazi yangu ni kuandika maneno kwenye maboksi. Kikundi chetu cha filamu hapa Tunduma hakina uwezo wa kuwapa waigizaji muda wa kukariri, na wengi wao wasingekariri hata wakipewa, kwa sababu kutwa wanauza nguo au wanabadilisha kwacha, na wakifika mbele ya kamera vichwa vimeshachoka. Bosi wetu, ambaye kamera ni yake na kuongoza anaongoza mwenyewe, anafanya biashara ya kuvusha biskuti na mafuta ya kula kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa hiyo maboksi matupu hayamwishii. Ninayapasua, ninageuza upande usio na picha, ninaandika kwa kalamu ya wino mnene herufi kubwa, halafu ninasimama nyuma ya kamera nimeyainua. Mwigizaji anatazama kama anamtazama mchumba wake, kumbe anasoma.

Nimesoma hadi darasa la saba. Mkono wangu ni mzito tangu nikiwa mdogo. Shuleni mwalimu alikuwa anafuta ubao mimi sijafika nusu. Kwenye maboksi haikuwa shida. Herufi kubwa zinataka mtu asiye na haraka, na mimi ni mtu wa kukaa kimya, napenda kazi ambayo watu wanaangalia mikono yangu bila kuniangalia uso.

Visa havikuwa vyangu. Vingi vilikuwa vya fundi cherehani mmoja, mama wa makamo aliyetoka milima ya Ileje, upande wa Mbebe, akaja kufungua kibanda cha kushonea karibu na malori yanapopanga foleni ya mpaka. Mimi nilimwita mama, kama wateja wake wote wa umri wangu. Kusoma anasoma vizuri, ila kuandika alisema kunamkata pumzi. Alikuwa anasimulia huku anashona, mimi nimekaa kwenye kigoda, boksi magotini.

"Nilifika wapi?" alikuwa akiniuliza.

"Alipofungua mlango."

"Hapana, asifungue. Abishe hodi kwanza, anyamaze. Wa ndani naye anyamaze. Andika hivyo."

Kwa kuwa nilikuwa mzito, ilibidi arudie, na kila akirudia alikuwa anabadilisha. Mtu aliyekuwa anapiga kelele mara ya kwanza, mara ya tatu anaongea taratibu, na hapo ndipo unamwogopa. Siku moja nilimwomba radhi kwa kumchelewesha. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Ungekuwa na mkono mwepesi, mwanangu, ningekuwa natunga uchafu."

Nililibeba neno lile mpaka nyumbani. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba uzito wangu una faida kwa yeyote.

Msimu wa mvua uliopita alianza kisa kipya. Kwao, na hata kwetu sisi Wanyamwanga tuliotokea Ndalambo, mke wa mtu hamtazami baba mkwe usoni. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia kwenye majani na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Siku hizi mjini watu hawafuati sana, lakini kila mtu anajua. Katika kisa cha fundi, mume amekwenda Zambia na malori, mama mkwe amekufa, na mzee anaugua wakati wa mvua kubwa. Nyumbani amebaki mkwe peke yake. Lazima amlishe, na hawezi kumtazama wala kusema naye. Basi anasema na kuku. "Kuku, mwambie baba uji umeiva." Mzee naye anamjibu kuku. Mkwe anasukuma bakuli chini ya pazia, anasema, "Uji uko hapa. Mimi sipo." Anaondoka. Wanaishi hivyo siku nyingi, wanazoeana, wanataniana kidogo, wanagombana hata, yote kupitia kuku. Halafu kuku anapotea.

Hapo ndipo tulipofika. Niliuliza kitatokea nini.

"Mwisho bado," fundi alisema. "Ninao, lakini bado haujakaa. Utausikia."

Nilienda nyumbani nikiwa na hamu kama ya mtoto. Maboksi ya kisa kile nilikwenda nayo, kwa sababu kibanda cha fundi kilikuwa kinavuja, na kwetu mama yangu alikuwa ameegemeza yale ya zamani ukutani kuzuia baridi.

Ni vizuri niseme filamu zenyewe zilikuwa zimefika wapi wakati huo. Bosi alikuwa anataka ziwe kama zile zinazouzwa sana: tajiri anampenda msichana maskini, mama wa tajiri anaweka sumu kwenye juisi, mganga anacheka, mwisho gari jeupe linaingia getini. Ukiziangalia mfululizo kwenye basi la kwenda Mbeya hujui moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Visa vya fundi bosi alivichukua kwa shingo upande, lakini alivichukua, kwa sababu watu wa huku walikuwa wanavitafuta, hata wanawake wa Nakonde wanaokuja kununua mchele walikuwa wanaulizia kama kimetoka kingine cha "yule mama". Ila huyo mama hakuwepo kwenye kava. Kava zote ziliandikwa kwamba kisa kimetungwa na bosi.

Mtunzi wetu wa pili alikuwa mpakiaji mizigo, kijana mcheshi kutoka Ruanda ya Mbozi, yeye akitunga vipande vya kuchekesha. Ndiye aliyekuja kibandani siku moja na simu mkononi akasema wenzetu Marekani waliwahi kuweka kalamu chini.

"Waandishi wa filamu. Walibeba mabango barabarani, filamu zikasimama. Walikuwa wanataka haki yao, na walikuwa wanaogopa ei-ai."

"Ndiyo nini hiyo?" fundi akauliza.

"Redioni wanaita akili mnemba. Mashine inatunga yenyewe."

"Hata hii ni mashine," fundi akasema, akipiga cherehani kofi dogo. "Haijawahi kushona bila mimi kuikanyaga."

"Hiyo nyingine haikanyagwi, mama. Unaiambia tu."

Walicheka, lakini lile la kuweka kalamu chini liliwakaa kichwani. Walikwenda kwa bosi wakamwambia wanataka mambo mawili: majina yao yawe kwenye kava, na wapate fungu kila filamu inapouzwa tena, iwe kwa stesheni ya televisheni au mtandaoni. Bosi aliwajibu kwamba majina yakiwa mengi kava linachafuka. Fungu hakuligusia kabisa. Wakarudi kibandani, wakakubaliana kwamba hakuna atakayetunga wala kuandika mpaka akubali.

"Mgomo wa watu wawili na nusu," mpakiaji akasema akiniangalia mimi. "Nusu, inua mkono tuone kama upo."

Niliinua, haukufika juu ya sikio.

"Atarudi tu," fundi alisema. "Kile cha kuku anakitaka, nimeshamdokeza. Na kiko kwetu."

Kwetu maana yake ilikuwa kichwani mwake na ukutani kwetu. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho mkononi dhidi ya bosi, na alikuwa amenipa mimi nikitunze. Nililijua hilo. Sitaki mtu adhani sikulijua.

Bosi alikuja nyumbani mchana, siku ya soko, akiwa na sukari na kanga ya mama yangu. Alisalimia vizuri, akauliza habari za mahindi, akasema binti wako ni mtulivu, mabinti wa namna hii wamekwisha. Mama alifurahi mpaka akaniletea na mimi chai kama mgeni. Bosi akayatazama maboksi ukutani.

"Yale mapya ndiyo yapi?"

Nikayaangalia. Kwa mtu anayenijua, kuangalia kunatosha.

"Sikiliza, binti. Mimi sitaki ugombane na wakubwa zako. Mmesema hamwandiki, msiandike. Shika hii simu, usome. Kusoma si kuandika."

"Mwitikie bosi wako," mama akasema.

Ningeweza kusema hapana. Watu wenye haya wanasema hapana kila siku, kwa kuondoka, kwa kuugua tumbo, kwa kulia. Mimi nilichukua simu. Nikajiambia kwamba kweli, kalamu imelala, sijaigusa.

Lakini hilo silo linalonisumbua zaidi. Nilianza kusoma kwa sauti ndogo, boksi la kwanza, la pili, na simu ilikuwa inaandika maneno yenyewe kwenye kioo kadiri ninavyosema, bila kosa, haraka kuliko ninavyoweza kufikiri. Haikunikatiza. Haikuniambia niongeze sauti. Nikaanza kusoma vizuri. Nilipofika kwa kuku niliigiza sauti ya mzee, na bosi akacheka pale panapostahili, na mama akasahau kupepeta mchele. Sijawahi kusikilizwa namna ile. Nilipomaliza, simu yenyewe, kwa ile akili mnemba, iliandika kwamba kisa ni kizuri sana na kina hisia za kipekee, na bosi akanisomea sentensi hiyo. Uso ulipata moto kwa furaha. Nilifurahi kama kwamba nimekitunga mimi. Kama wangeniomba nirudie, ningerudia.

Jioni ile nilijua nimefanya nini, lakini ladha ya kusifiwa ilikuwa bado ipo mdomoni. Sikuenda kwa fundi kumwambia. Nilisema nitakwenda kesho, na kesho yake nilikwenda, nikakaa kwenye kigoda, nikamsaidia kushika kitambaa, sikusema. Niliendelea kwenda hivyo. Aliniuliza kama bosi amenitafuta. Nikasema hapana.

Aliyesema alikuwa mwigizaji mmoja, dada mchangamfu anayeuza vitenge. Fundi ndiye alikuwa anashona nguo za kikundi, na kushona hakukuwemo kwenye mgomo. Dada akaingia kibandani mvua inanyesha, akavua viatu vyenye tope, akasimama apimwe.

"Nishonee gauni la mkwe wa kijijini. Lile la heshima, lakini kiuno kionekane kidogo."

"Mkwe wa filamu gani?"

"Mpya. Mkwe anayeongea na kuku." Akacheka. "Mama, nimecheka jana mpaka basi. Ile simu ya bosi ina vituko. Mtu unamlisha baba mkwe, unapitisha salamu kwa kuku."

Fundi alikuwa amezungusha futi kiunoni mwake. Aliisoma, akaandika namba kwa chaki mezani, akahamia begani. "Geuka," akasema. Akapima mgongo. Akasema gauni litakuwa tayari Alhamisi. Dada akaaga, akatoka kwa kuruka madimbwi.

Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya kitambaa cheupe cha kipaimara cha mtoto wa mtu. Sikukiachia.

"Ulimsomea mpaka wapi?" fundi akaniuliza.

"Mpaka kuku anapopotea."

"Basi mwisho hana."

"Hana, mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye cherehani. Nilisubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze. Yeye akasema, "Vuta kidogo, kitambaa kinalegea," nikavuta.

Alhamisi gauni lilikuwa tayari, na lilishonwa vizuri, na kola yake, na pindo pana. Hakupunguza ufundi hata kidogo. Nililipeleka mimi.

Mwisho wa kisa bosi aliuomba kwenye simu, ikampa palepale. Alinipa niuandike kwenye maboksi, na niliuandika. Kalamu niliinyanyua bila mtu kunishurutisha, maana kusoma nilikuwa nimeshasoma. Mume anarudi na gari jeupe. Amekuwa tajiri. Anawachukua wote kwenda kwenye nyumba kubwa ya ufukweni, mzee anapona, na mkwe na baba mkwe wanakumbatiana huku wanalia, wakisema familia ni upendo. Kuku hakutajwa tena. Bahari hatuna huku, basi tukapiga picha kwenye bwawa la mtu.

Siku ya kukumbatiana, dada wa vitenge alisoma boksi langu, akashusha mikono.

"Hapa ninamkumbatia baba mkwe?"

"Ni filamu," bosi akasema.

"Najua ni filamu. Mama mkwe wangu naye anaangalia filamu."

"Simu imesema hivyo."

"Basi simu ikamkumbatie."

Watu wakacheka. Yule mzee aliyeigiza baba mkwe, mlinzi wa ghala, alikuwa ameshageukia pembeni, kofia mkononi. Bosi akawaambia wasimpotezee siku. Mwisho dada alimkumbatia akiwa amefumba macho, na mzee akasimama mikono imening'inia kama nguo kwenye kamba. Nilikuwa nimeinua maandishi juu ya kichwa na hakuna aliyeyasoma. Nilikuwa ninaona namna mwisho ule ulivyokiua kisa, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu.

Mpakiaji alirudi kazini kabla filamu haijaisha. Bosi alimwita arekebishe maneno ya simu yaliyokaa kizungu, kwa malipo madogo kuliko ya kutunga. Alikuja kibandani kumwambia fundi mwenyewe, jambo ambalo mimi nilishindwa. "Mama, nina watoto," alisema. Fundi akamjibu kwamba anajua, watoto wake kaptula za shule amewashonea yeye. Hakuna aliyecheka siku ile. Mgomo uliisha hivyo. Hakuna aliyetangaza kwamba umeisha.

Filamu ilitoka, ikanunuliwa kiasi mwanzoni. Nikaisikia kwenye mabanda ya video na kwenye simu za madereva. Watu walikuwa wanacheka vizuri kwenye sehemu za kuku, halafu gari jeupe likiingia wanasimama kutafuta maji ya kunywa. Mwanamke mmoja wa ng'ambo, anayenunua mchele kwa bosi, alikuja dukani, akasalimia "mulishani" kama kawaida yake, akasema, "Mwanzo ni wa yule mama. Mwisho mmeokota wapi?" Bosi akacheka, lakini alilifikiria. Akaiomba simu visa vingine vya kuku. Ikampa kuku, ikampa mbuzi, ikampa kasuku, na kila mara mtu alikuwa anarudi na gari na familia inakuwa upendo. Mpakiaji alikuwa anabadilisha rangi ya gari.

Ndipo bosi akaniita. Akasema niende kwa fundi nimwambie jina lake litawekwa kwenye kava, peke yake, kwa maandishi makubwa, na fungu atapata. Anachotaka ni mwisho ule wa kwanza, arekodi upya sehemu ya pili. Alivyotaka fundi tangu mwanzo, vyote.

Nilikwenda mbio, mimi nisiyekwenda mbio. Njiani nilifikiri kwamba mambo yatakuwa kama zamani, na yale niliyofanya yatakuwa kama njia mbaya iliyotufikisha pazuri. Fundi alikuwa anatia vifungo shati la polisi. Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka shati magotini.

"Jina langu peke yake?"

"Ndiyo."

"Na fungu?"

"Amesema."

Niliona alivyofurahi. Sitaki kusema hakufurahi. Alitazama nje, kwenye malori, midomo yake ikacheza kidogo kama ilivyokuwa inacheza anapoanza kusimulia, na mimi nikavuta kigoda. Sauti ya kigoda ikamfanya anigeukie. Akaniangalia muda mrefu, si kwa hasira.

"Halafu nani ataandika?" akaniuliza.

Kwenye kikundi chetu hakuna mwingine anayeandika. Alilijua hilo, na mimi nilijua kwa nini anauliza.

Akachukua shati, akatafuta kifungo kwenye kopo. "Mwambie nimesahau," akasema. "Mambo ya msimu wa mvua ule. Mtu mzima anasahau." Halafu akaniuliza kama nimekula, akanikatia kiazi cha kuchemsha, nikala kwa sababu kukataa kungekuwa jambo jingine tena.

Bosi alikuwa dukani anapanga madumu ya mafuta. "Kasemaje?"

"Amekataa."

"Anataka nini tena? Si nimempa kila kitu?"

"Ni kwa sababu yangu," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza ninasema kwa mtu.

Aliniangalia, akacheka, na kicheko hakikuwa kibaya. "Wewe? Binti, wewe unaandika maboksi tu. Ni maringo yake huyo mama." Akanipa dumu nimshikie wakati anapanda ngazi. "Jumatatu tunaanza ile ya kasuku. Uje mapema."

Nilishika dumu. Jumatatu nilikwenda, nilikwenda mapema.